Wiki ya nyavu mbili Mafia

Jumatatu. Mbagala, Bungu, Nyamisati, Kilindoni

Konda wa Mbagala Rangi Tatu hakuwa na neno na mabegi yetu. Kilichomsumbua ni pete mbili za chuma na mifuko mirefu ya kitambaa cheupe iliyoshonewa humo. "Hizi nyavu za kuvulia nini, dada?" Nikamwambia za kuvulia planktoni, wadudu wa baharini ambao wengi wao hata ukiwatia kiganjani huwaoni. Akanitazama kidogo, kisha akatoza nauli ya kiti kizima kwa kila wavu. Dawa za kuhifadhia sampuli zilikwisha kutangulia kwa mashua ya mizigo, maana si vitu vya kuwekea abiria wenzako chini ya miguu.

Bungu tukaacha lami. Nyamisati tulifika maji yakijaa, ikawa heri, kwa kuwa boti za kisiwa cha Mafia hupita katikati ya mikoko na maji yakitoka huna safari. Huku ndiko Rufiji inakomwaga tope lake, na msitu wa mikoko wa delta hii ndio mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Maji ya kahawia yalitusindikiza mbali, yakageuka kijani, na karibu na Kilindoni, bandari ya Mafia, yakawa na rangi ya bahari. Nilimwonyesha mwanafunzi tuliyefuatana naye mpaka huo wa rangi, kwa sababu kazi yetu imo humo: rutuba ya mto huotesha mwani usioonekana kwa macho, mwani huliwa na zooplanktoni, yaani planktoni walio wanyama, nao huliwa na dagaa. Na Mafia yuko mlaji mmoja asiyesubiri dagaa wanenepe, huwafuata zooplanktoni wenyewe. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani.

Usiku wali kwa samaki wa kupaka, na mabishano na Dokta, mtafiti mwenzangu, juu ya nani alisahau kamba ya ziada.

Jumanne. Kilindoni

Alfajiri tulimkuta nahodha ameshafunga mashine. Ni mzee wa hapahapa aliyevua jarife, akavua mshipi, na sasa hubeba watalii wa potwe na watafiti wa kila namna. Shikamoo zetu alizipokea, akawasha, na tulipokwisha toka bandarini akauliza: "Dokta, samaki wenyewe hawauziki. Nyavu mbili za nini?"

Dokta alimjibu kwa vitendo. Wavu wa kwanza ni WP2. Mdomo wake una kipenyo cha sentimita 57, macho yake milimita 0.2. Jopo la wataalamu chini ya UNESCO liliupendekeza mwaka 1968 ili dunia ipime kwa kipimo kimoja. Tukaukokota polepole, mita moja kwa sekunde, dakika tano. Mdomoni unaning'inia mtambo mdogo wenye panga kama feni, unaohesabu maji yaliyopita. Mdomo wa robo mita ya mraba ukiuburuta mita 300 umechuja mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Bila hesabu hiyo hujui umevua wengi au umekokota sana.

Wavu wa pili ni mdogo, macho yake milimita 0.06. Huo ukiukokota dakika tano kwenye maji haya umeziba, unaanza kusukuma maji mbele badala ya kuyachuja. Tunaupa dakika moja.

Nahodha akashika chupa mbili, akazinyanyua juani. Ya WP2 ilikuwa na vitu vinavyorukaruka, unaviona: minyoo ya mfano wa mshale, myeupe kama kioo, na watoto wa kaa wenye mwiba kichwani. Chupa ya wavu wa pili ilionekana maji machafu tu. "Hii umevua tope," akasema.

Jioni, kwenye chumba cha nyumba ya wageni, nikatia tone la lile "tope" chini ya hadubini nikamwita mwanafunzi atazame. Hakukuwa na tope. Kopepodi, wadudu wadogo wa jamii ya kamba na kaa, wa aina ya Oithona walijaa, wembamba, pembe zao mbili zimenyooka pembeni, wanakaa kimya kisha wanaruka ghafla. Alikuwapo Euterpina, kopepodi mwingine, jike, amebeba mayai chini ya mkia, nikayahesabu kwa ncha ya sindano. Na watoto wa kopepodi wenyewe, wa mviringo, miguu jozi tatu, wasiohesabika. Katika chupa ya WP2 ya mahali palepale, saa ileile, Oithona walikuwa wa kutafuta.

Hapa ndipo historia ya sayansi hii inapouma. Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliofanyika 1959 hadi 1965, ulikuwa na wavu wake rasmi: mdomo wa mita moja ya mraba, macho ya milimita 0.33, ukishushwa mita 200 na kuvutwa wima. Sampuli zilikusanywa Kochi, India, kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 1962 kwa kazi hiyo, na watu wakakaa miaka wakiwatenga viumbe mmoja mmoja. Nawaheshimu mno watu wale. Ila wavu ule, kama nyavu nyingi za zama zake, ulipimwa kwa mawazo ya bahari za kaskazini, ambako kopepodi mashuhuri, Calanus, ana milimita mbili, tatu na zaidi. Kwenye maji ya nyuzi 28 kopepodi hukomaa upesi na hukomaa wadogo. Oithona wengi hawafiki milimita moja kwa urefu, na unene wao ni wa kupenya tundu la 0.2 bila kusugua bega.

Kwetu swali hili ni la zamani. Mwaka 1963 J. H. Wickstead, aliyefanya kazi Zanzibar enzi za shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki, alichapisha makadirio ya zooplanktoni wa maji ya Zanzibar akilinganisha matokeo ya nyavu mbili tofauti. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Jamaica wakitumia macho ya milimita 0.064 walionyesha jinsi kopepodi wadogo na watoto wao walivyo wengi kwenye maji ya joto. Mwaka 2001 makala moja ikauliza bila kuzunguka kama Oithona si ndiye kopepodi mwenye umuhimu kuliko wote baharini. Na bado hadi leo nakutana na tafiti za pwani za joto zilizofanywa kwa WP2 peke yake, zikihitimisha kuwa maji haya ni maskini wa planktoni. Maskini kwa macho ya nani?

Jumatano. Potwe

Saa mbili asubuhi upepo wa kaskazi ulikuwa bado haujaamka na bahari ilikuwa shwari. Nahodha hakutafuta pezi. Alitafuta ndege na mashua za dagaa, kwa sababu wavuvi wa hapa wanajua palipo na potwe pana dagaa, na potwe mwenyewe hawamgusi. Tulimkuta mbele kidogo ya Kilindoni, mdomo wazi, mgongo umejaa madoa, anaogelea juujuu akikusanya maji kama mtu anayechota kwa karai.

Kuna kanuni za umbali na boti hairuhusiwi kumkatia njia. Tukazima mashine, tukasubiri apite, kisha tukakokota WP2 kwenye mstari aliouacha. Baadaye tukaenda mahali pasipo na potwe tukakokota tena, muda uleule.

Chupa ya kwanza haikuhitaji hadubini. Ilikuwa imejaa uduvi. Ule mwembamba kabisa, shingo ndefu, macho kwenye vijiti, urefu wa sentimita moja hivi. Wataalamu walimwita Lucifer hanseni, siku hizi Belzebub hanseni, na sijui wataalamu wa uduvi walikuwa na ugomvi gani na mnyama huyu hata wakampa majina ya shetani mara mbili. Ni binamu wa uduvi tunaoukausha na kuutia nazi. Chupa ya pili, ya mahali pasipo na potwe, ilikuwa na uduvi wa kuhesabu.

Hatukuvumbua kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifanywa maji haya haya, na ukaonyesha kuwa potwe wa Mafia hulenga mafungu mazito ya uduvi huo. Mwaka huohuo ulitoka mwingine wa vifaa vya sauti vilivyofungwa kwenye samaki wenyewe. Kila mtu alizoea kusema potwe huja Oktoba na kuondoka Machi. Vile vifaa vikasema wengi hawaondoki, wanasogea tu kwenye maji ya mbali zaidi na ya kina zaidi, ambako mtalii hawaoni. Nilimweleza nahodha. Akasema hilo hata babu yake angemwambia Dokta bure.

Inanifurahisha kuona planktoni hatimaye anaingia kwenye habari kwa mlango wa mnyama mkubwa. Fedha za utafiti hufuata potwe, nyangumi na samaki aina ya taa, si kopepodi, na sisi wa hadubini tumejifunza kupanda lifti hiyo. Lakini kuna jambo linanikaba. Potwe hana haja na wavu wangu wa pili, chakula chake ni kikubwa. Na uduvi, kwa kuwa una macho na mbio, huuona wavu mdogo ukija na kuukwepa. Kwa hiyo macho ya 0.06 yanashika Oithona na kupoteza uduvi, mdomo mpana unashika uduvi na kupoteza Oithona. Mtu akikuonyesha jedwali la "zooplanktoni wote" wa mahali fulani, muulize kwanza alivua kwa nini na saa ngapi.

Saa tano upepo ukashika. Tukarudi tumelowa.

Alhamisi, usiku. Taa za dagaa

Mwezi umekwisha, ni giza, na dagaa huvuliwa giza. Tulipanda mashua ya wavuvi saa moja na nusu jioni. Karabai zimebaki chache, sasa ni taa za umeme zinazotumia betri, nyeupe za kuumiza macho. Wakiziwasha wanasubiri, wanakunywa kahawa, wanapiga soga za mpira. Chini ya taa maji yanaanza kuchemka.

Makala ya mwaka 1974 kuhusu zooplanktoni wa maji ya karibu na Dar es Salaam ilichunguza pia jambo hili, jinsi wanavyoitikia taa. Miaka hamsini baadaye nimeinama ukingoni na kopo nikichota walewale. Wapo wanaokimbilia mwanga, na wapo wanaoukimbia. Tulikokota wavu ndani ya duara la taa, kisha tukaomba kidau kitupeleke gizani. Ndani ya duara, watoto wa kaa na kopepodi wakubwa. Nje ya duara, maji yenyewe yaliwaka kila kasia lilipoingia, na wavu ukatoka unang'aa.

Usiku ni nusu ya habari tuliyoikosa kwa miaka mingi, kwa sababu rahisi tu: watafiti nao hulala. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mabaharia wa Marekani waliona kwenye vipimo vyao vya sauti "sakafu" ya bahari inayopanda jioni na kushuka alfajiri. Ilikuwa wanyama. Kwenye kina kirefu mamilioni yao hupanda usiku kula na kushuka mchana kujificha. Na kwenye miamba ya matumbawe, utafiti wa mwaka 1977 Australia ulitumia mitego iliyogeuzwa juu chini kuonyesha kuwa zooplanktoni wengi hukaa mchangani na kwenye matumbawe mchana kutwa na kutoka kukiwa na giza. Ukivua mchana juu ya mwamba, utaandika hawapo.

Mvuvi mmoja kijana aliniuliza kama hawa wadudu wakiisha dagaa wataisha. Nilimwambia watoto wa dagaa wenyewe wanakula hawa, wale wadogo wa wavu wa pili. Akainua chupa, akaitazama muda mrefu kuliko nahodha alivyoitazama, akasema, "Basi msizimwage."

Kulipokuwa kunakucha walivuta. Walipata ndoo za kutosha, tukapewa fungu.

Ijumaa

Mvua. Nahodha hatoki Ijumaa mpaka baada ya sala, na baada ya sala bahari ilikuwa imechafuka. Tuliosha nyavu kwa maji baridi, tukashona tundu moja, tukalala mchana.

Jumamosi. Meza ya Utende

Tulihamia Utende, upande wa ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Kuna meza nzuri kivulini, na siku nzima ilikwenda kwenye kugawa sampuli. Kila sampuli tunaigawa nusu kwa nusu kwa ngoma ya plastiki yenye kizuizi katikati: unaijaza, unaizungusha, maji yanagawanyika sawa. Nusu inaingia formalini ya asilimia 4 iliyotiwa boraksi ili isile magamba. Nusu inaingia ethanoli ya asilimia 95. Ya kwanza ni ya hadubini, ya pili ni ya vinasaba, na hazibadilishani, kwa kuwa formalini huharibu vinasaba.

Mwanafunzi wetu anataka vinasaba. Wote wanataka vinasaba, na siwalaumu. Unasaga supu yote, unatoa kipande kimoja cha jeni, mara nyingi kile kiitwacho COI, unakisoma kwa mashine, na orodha ya spishi inatoka bila wewe kukodoa macho. Mayai na watoto ambao mimi naandika tu "mtoto wa kopepodi" nao wanapata majina. Meli ya Tara, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia 2009 hadi 2013, ilionyesha ni viumbe wangapi wamo humo ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaita kwa jina. Kuna na njia ya picha pia: Wafaransa wa Villefranche-sur-Mer walitengeneza skana unayoimiminia sampuli pamoja na maji yake, kisha kompyuta inapanga picha kwenye makundi na mtu anasahihisha.

Lakini mashine inatambua kwa kulinganisha na maktaba, na maktaba ina vitabu vya wengine. Kopepodi wa Mafia ambaye hakuna aliyemtambua kwa hadubini, akasoma jeni lake, akaliweka hazina, mashine itampa jina la ndugu wa karibu aliyemo, pengine wa Atlantiki, au itaandika "hajulikani". Tena idadi ya nakala za jeni si idadi ya wanyama, mmoja mnene hupiga kelele kuliko wembamba mia. Ndiyo maana mradi wa kimataifa wa MetaZooGene unakusanya jeni za zooplanktoni waliokwisha tambuliwa na watu wanaojua miguu ya tano ya dume inavyopinda. Watu hao wanazeeka. Wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, waliochunguza zooplanktoni wa mikoko ya Gazi, matokeo yakatoka mwaka 1992, walifanya yote kwa jicho.

Kwa hiyo nilimpa kijana mpango: kwa kila spishi unayotaka kuipeleka kwenye mashine, kwanza nichoree mguu wake. Alinuna hadi chakula cha mchana. Jioni alikuwa ameshachora wanne, na wa tatu, Undinula vulgaris dume, amemchora vizuri kuliko mimi.

Jumapili. Kilindoni, asubuhi

Kikao cha mwisho kilikuwa kwenye boti, Dokta, nahodha na mimi, tukingoja maji. Mradi umeandikwa kuchukua sampuli mara moja kwa mwezi, mwaka mzima. Kwa bahari za kaskazini ya mbali ni sawa, maana Calanus wa huko huweza kutumia mwaka mzima kwa kizazi kimoja. Hapa Acartia anatoka yai hadi kuwa mzazi ndani ya wiki moja au mbili. Ukija mara moja kwa mwezi unakuta wajukuu, unawaandika kama ndio wazee wao. Hawaii wana kituo cha baharini kinachopimwa tangu 1988, na Bermuda vilevile. Sisi upande huu kila mradi unaanza na kufa na fedha zake, namba za miaka mitatu hapa, miwili pale, na katikati kimya.

Dokta alikubali kila wiki, ila si kwa sisi kusafiri. Nahodha ana mtoto wake aliyemaliza kidato cha nne, ndiye anayeshika usukani mzee akichoka. Tukamfundisha pale pale: funga kamba hapa, soma namba za mtambo kabla na baada, suuza wavu kwa nje si kwa ndani, andika saa na hali ya maji kwa penseli, si kalamu. Alisuuza kwa ndani mara mbili, mara ya tatu akapata.

Bei ndiyo iliyochukua muda. Dokta alitaja mafuta na posho. Mzee akasema mafuta sawa, posho sawa, lakini kwa miezi ya kusi kuna wiki ambazo hakutoki chombo, na wiki hizo zilipwe nusu, maana kijana atakuwa amejiandaa. Dokta akasema wiki isiyo na chupa haina malipo. Mzee akazima sigara. Mwisho walikubaliana: wiki ya bahari mbaya kijana atachota maji kwa ndoo kutoka gatini, kipimo kilekile kila mara, ayachuje kwa wavu mdogo, na alipwe nusu. Sampuli ya kwanza Jumanne ijayo, maji yakijaa. Chupa ishirini na nne tumemwachia nyumbani kwao, kwenye chumba kisicho na jiko.